Mwalimu Aliyeninyima Jina

Ukimwamkia Mwalimu, alikuitikia marahaba upesi upesi kama mtu anayefukuza nzi, kisha akakutupia swali lake: "Umefanya nini leo?" Hakuuliza habari za nyumbani, wala za mvua, wala za mgonjwa wako. Kijijini kwetu, kwenye njia ya kwenda Kaengesa, watu wanaweza kusalimiana mpaka chai ikapoa, lakini Mwalimu alitaka kitenzi. Ukimjibu, "Nipo tu, Mwalimu," alikutazama juu mpaka chini, akasema, "Hata jiwe lipo," akashika njia yake.

Mimi ni mtu niliyejitengeneza mwenyewe. Naliweka wazi mapema ili msomaji ajue anayemsimulia ni nani. Niliondoka Ufipa na sanduku la bati lisilo na kufuli, nikabeba saruji Morogoro, nikauza soksi, nikawa mlinzi wa lango la chuo cha kilimo. Baada ya miaka sita nilipita kwenye lango lile lile nikiwa mwanachuo, mlinzi mwenzangu wa zamani akinipigia saluti ya utani. Nina Stashahada ya Kilimo cha Mazao. Nina duka la pembejeo Sumbawanga mjini, nyumba ya bati la bluu inayoonekana tangu barabara kuu, na pawatila, lile trekta dogo la kutembea nyuma yake. Vijana wamesahau jina langu, wananiita Diploma. "Mambo, Diploma!" "Poa." Hayo yote nilikuwa nayo. Kitu kimoja nilikikosa, nacho kilikuwa mdomoni mwa mzee mmoja mwenye meno ya kuhesabika: nilitaka Mwalimu aniite mkulima.

Usidhani alinichukia. Ilikuwa kanuni yake, na hakumwonea wala kumpendelea mtu. Mtu hapewi jina la kazi mpaka aifanye misimu mitatu mfululizo. Kabla ya hapo ana kitenzi tu. Kwa hiyo kijiji chetu kilikuwa na "anayeshona", "anayechinja", na "anayejifunza kinanda kanisani". Anayeshona aliugua katika msimu wake wa tatu, cherehani ikakaa bila kuguswa mpaka mvua nyingine, na Mwalimu akaanza kumhesabia upya. Yule bwana alilalamika kwamba ameshona suruali za nusu ya kijiji, ikiwemo ya Mwalimu mwenyewe.

"Na inanibana," Mwalimu akamjibu. "Endelea kushona."

Alitufundisha Kiswahili shule ya msingi, na jambo alilolipenda kuliko yote ni jinsi kitenzi kinavyozaa majina. Hakuanza na ubao. Alimwinua mtoto na kumwamuru.

"Imba."

Mtoto anaimba, sauti inapasuka katikati.

"Huyu ni nani?"

"Mwimbaji!"

"Ametoa nini?"

"Wimbo!"

"Na hiyo namna yake ya kututesa masikio?"

"Uimbaji!"

Kitenzi, alisema, ni kama kuku wa kienyeji. Ukimwacha atembee uwanjani kwa amani, jioni utamkuta na vifaranga usiomjua baba yao. Lima ina mkulima, ina kilimo, ina ulimaji. Pika ina mpishi na mpikaji, na hao wawili si ndugu wa tumbo moja. "Mpikaji ni yeyote aliyeko jikoni sasa hivi," alisema. "Mpishi ni yule ambaye hata akipita njiani amebeba kuni unasikia njaa." Baadaye, chuoni, nilikutana na wahadhiri walioandika hayo kwa kurasa nyingi. Nilifaulu mtihani wa mawasiliano bila kufungua kitabu, kwa ajili ya kuku wa Mwalimu.

Tulipoanza Kiingereza alituonyesha kwamba wazungu nao hufanya jambo lile lile, ila alama wanaiweka mkiani, ndiyo maana neno dereva limetufikia na mkia wake, wakati sisi alama yetu ya kwanza tunaiweka kichwani. Akamgeukia mtoto wa jirani yetu Msukuma, ambaye baba yake alikuwa amehamia na mifugo msimu uliopita.

"Wewe, kwenu ng'ombe mnamtia alama wapi?"

"Sikioni, Mwalimu."

"Na ng'ombe wa wengine?"

"Wengine pajani."

"Lakini ng'ombe ni ng'ombe?"

"Ni ng'ombe, Mwalimu."

"Kaa."

Hilo "kaa" lilikuwa tuzo yake pekee. Hakuwa na "vizuri sana" wala makofi matatu. Alikuinua kwa kusema "soma", ukasimama mikono nyuma, na ukipatia alisema "kaa". Ukikosea hukuambiwa kitu, ulibaki umesimama huku somo likikupita kama gari la mnada. Darasa la tano nililimaliza nikiwa mrefu kuliko nilivyolianza, na mpaka leo naamini ni kwa sababu ya kusimama. Niliyesimama naye mara nyingi ni mvulana mmoja mwenye kichwa kikubwa na sauti ya tarumbeta, ambaye leo ni Mtendaji wa Kijiji. Nitamrudia.

Hata jina la mji wetu Mwalimu alilifanya somo. Sumbawanga, alisema, ni amri: tupa uchawi. Watu walilitamka neno la kutenda mpaka likageuka mji, ukajengwa soko na stendi juu yake.

"Mwalimu," mtoto mmoja akauliza, "kwani huo uchawi ulitupwa?"

"Amri ilitolewa," akasema Mwalimu. "Utekelezaji unaendelea."

Nami niseme ukweli, kuchelewa kwa utekelezaji huo kulinifaa. Bwenini chuoni watu waliibiana mpaka ndala, lakini sabuni yangu ilikaa dirishani wiki nzima bila kuguswa. Ilitosha mtu kuuliza kwetu ni wapi.

Kanisani pia hakuacha kazi. Alikuwa Mkatoliki wa kusinzia, kichwa kikianguka tangu somo la kwanza, na cha ajabu aliamka kila padri alipotaja jina linalotokana na tendo. Akisikia Muumba, anafumbua jicho. Akisikia Mkombozi, anafumbua la pili. Tukitoka nje, alitukusanya karibu na baiskeli yake. "Mmesikia? Mungu mwenyewe aliumba kwanza, siku sita nzima, ndipo akaitwa Muumba. Hakuitwa Muumba Mtarajiwa. Nyinyi mnataka kuitwa mameneja hata kufagia hamjaanza."

Kwa upande wa kimpumu, pombe yetu ya ulezi, kanuni ilimlinda. Aliipenda, hasa kwenye baridi ya Juni, upepo wa uwanda unapopenya mpaka kwenye mifupa. Siku moja mama mmoja kilabuni alimwambia waziwazi kwamba amekuwa mlevi. Mwalimu aliweka kikombe chini taratibu.

"Mama, mimi nimelewa. Nimelewa mara nyingi, sikatai. Lakini kila mwaka Kwaresima inanikatisha. Misimu mitatu mfululizo sijaifikisha hata siku moja."

"Kwa hiyo wewe ni nani?"

"Anayejaribu."

Kwenye mikutano ya kijiji ndiko alikoogopwa. Yule mwenzangu wa kusimama alipopata cheo, alirudi kutoka semina ya wilaya na lugha mpya. Kila kitu kilijaa "u" mbele na "ji" nyuma. Mkutano wake wa kwanza aliufungua hivi: "Ndugu wananchi, kumekuwa na ucheleweshwaji wa usambazaji wa mbegu, kutokana na ukosekanaji wa usafirishaji."

Mkono wa Mwalimu ukapanda.

"Mtendaji, naomba kuuliza. Nani kachelewesha?"

"Mwalimu, ni ucheleweshwaji tu umejitokeza."

"Umejitokeza wenyewe? Umekuja kwa miguu?"

Watu wakaanza kucheka. Mtendaji akafungua faili, akalifunga.

"Nakuuliza kwa sababu nimekufundisha," Mwalimu akaendelea. "Ukitaka kumficha mtu, mfunike kwa neno refu. Wewe unasema usambazaji, na mbegu zimelala stoo, na mwenye ufunguo yuko kwenye harusi Mwimbi tangu Ijumaa. Sema: fulani ameondoka na ufunguo. Ni maneno manne, na mbegu zitafika."

Mbegu zilifika keshokutwa yake. Lakini nisimpake mafuta mzee wa watu, maana ugonjwa huo alikuwa nao mwenyewe. Mwaka mmoja mbuzi wake alikata kamba, akaingia kwenye maharage ya jirani na kusafisha matuta mawili. Mwalimu aliona aibu kwenda, akaandika barua ya kistaarabu: "Jirani mpendwa, nasikitika kukuarifu kwamba kumetokea uliwaji wa maharage." Mkewe, ambaye sisi sote tulimwita Mama Mwalimu, aliisoma kabla haijaondoka.

"Uliwaji? Nani kala?"

"Mama, hiyo ni lugha ya barua."

"Lugha ya barua! Mbuzi wako kala, na kamba uliifunga wewe, na ulikuwa umetoka kilabuni. Andika hivyo."

Aliandika hivyo. Tulijua kwa sababu Mama Mwalimu mwenyewe alilisimulia mashineni, foleni ya kusaga ikiwa imefika mlangoni, na kwa mwezi mzima watoto walimpita Mwalimu njiani wakiimba uliwaji, uliwaji. Yeye aliwauliza wamefanya nini siku ile.

Sasa nieleze kwa nini jina kutoka kwake lilinihangaisha hivi, mtu mwenye stashahada. Jambo hili sijawahi kuliandika, na nisingelithubutu kama nisingekuwa nimefika nilipofika.

Nilipokuwa darasa la tano, jembe moja la shule lilipotea. Lilikuwa jipya, mpini bado mweupe. Walilitafuta siku mbili, wakalikuta nyumbani kwetu, nyuma ya ghala. Nililetwa mbele ya darasa nalo nimelishika. Darasa zima lilipiga kelele "Mwizi! Mwizi!" na tarumbeta iliyosikika juu ya zote ilikuwa ya yule ambaye leo ni Mtendaji. Mwalimu alinyanyua mkono mpaka kelele zikaisha.

"Ulifanya nini?" akaniuliza.

"Nilichukua jembe, Mwalimu."

"Sema kama lilivyo."

"Niliiba jembe."

"Halafu ukalifanyia nini?"

Jembe la mama yangu lilikuwa limelika mpaka likawa kama kijiko, na mvua zilikuwa zinakwenda.

"Nililima."

Watoto wakacheka. Mwalimu hakucheka.

"Basi hapa kuna vitenzi viwili," akaliambia darasa. "Kuiba na kulima. Kila kimoja kimefanyika mara moja. Majina tusimpe kwanza. Tutaona kipi atakirudia."

Akanichapa, nisidanganye, alinichapa vizuri tu, fimbo mbili za kuiba. Kisha akaniambia niende kulirudisha jembe stoo. Siku ya Jumamosi alikuja nyumbani kwetu na jembe lake mwenyewe, akamwazima mama yangu mpaka mwisho wa msimu. Tangu siku ile hakuna aliyeniita mwizi kijijini, kwa sababu aliyethubutu aliulizwa na Mwalimu: "Misimu mingapi?"

Nilirudi nyumbani miaka mingi baadaye, Novemba, mvua za kwanza zikinukia. Nilifikia kwake kabla ya kwenda kwa mtu yeyote, stashahada ikiwa kwenye fremu ya kioo, nimeifunga kwa shuka. Nilikuta amestaafu, ingawa neno hilo alilikataa, akisema hajawahi kusikia kazi ya kuacha kazi. Aliisoma stashahada yangu mstari kwa mstari, miwani puani. Kisha akaigeuza, akaangalia nyuma.

"Na huku kuna nini?"

"Hakuna kitu, Mwalimu."

"Basi nafasi ipo." Akanirudishia. "Wamekuandikia kilimo. Kilimo kimetoka wapi?"

"Kwenye kulima, Mwalimu."

"Nani alilima?"

Nilimwonyesha pawatila kwa kidole, ikiwa barabarani inang'aa kwa rangi nyekundu, watoto wameizunguka. Alitikisa kichwa kama anayesema tutaona.

Wasiotoka kwetu inabidi niwaeleze kidogo. Ufipa ina ardhi iliyochoka, na wazee waliipatia dawa yao: mwisho wa mvua, Februari na Machi, majani yakiwa marefu na udongo ungali laini, unayageuza majani chini juu na kuyafukia kwenye matuta ya duara, kila moja kama ungo uliofunikwa. Tunayaita ntumba. Juu yake unapanda maharage. Majani yanaoza humo ndani kiangazi chote, na mvua za kwanza zikirudi ndipo unayabomoa matuta, unayasambaza, unapanda ulezi au mahindi. Mama yangu alizifanya kila mwaka. Mimi nilikuwa nimesoma.

Msimu wa kwanza niliyachoma majani yote, nikalilaza shamba tambarare kwa pawatila, nikapanda mahindi kwa kamba, mistari imenyooka kama ya daftari. Watu walikuja kutazama. Nilitoa maelezo. Mvua ya Januari ilishuka juu ya ule utambarare, ikaondoka na mbolea yangu, na mahindi yakawa ya njano na mafupi. Mistari, hata hivyo, ilikuwa imenyooka, na hakuna aliyewahi kunyoosha mistari kama ile kijijini kwetu.

Machi ile Mtendaji alikuja na daftari la wakulima, lile la kila mwaka. Kwenye safu ya kazi, kila mtu alithibitishwa na mzee mmoja wa kuaminika, na mzee huyo kwa kitongoji chetu alikuwa Mwalimu. Nilivaa koti.

"Huyu tumwandike mkulima?" akauliza Mtendaji, kalamu tayari.

"Andika: anajaribu kulima."

"Mwalimu, hapa wanataka neno moja."

"Basi paache wazi."

Paliachwa wazi. Mimi, niliyewauzia nusu ya kitongoji mbegu na kuwaeleza namna ya kuzipanda, nilikuwa na mstari wenye jina, umri, na pengo. Mtendaji alicheka mpaka kitambi kikacheza. "Pole, Diploma," alisema. "Hilo pengo ukitaka nitakuchorea pawatila."

Msimu wa pili nilikubali ntumba, lakini kwa haraka ya mtu aliyezoea kufaulu. Nilizijenga Desemba, nikapanda ulezi juu yake wiki ile ile, nikidhani nimeokoa mwaka mzima. Mfipa yeyote aliyewahi kumsaidia mama yake angejua. Majani mabichi yaliwaka moto humo ndani, miche ikaungua miguu, ikalala. Wanawake waliopita kwenda mashineni walisimama wakaangalia.

"Baba, hiki umepanda nini?"

"Ulezi."

"Aa. Tulidhani unapika."

Machi, koti, daftari. Mwalimu alinitazama kwa muda mrefu kuliko mwaka uliopita. "Ameharibu tena," alimwambia Mtendaji, "lakini amerudi. Msimu wa pili." Safari hii hata kile kitenzi cha kujaribu sikupewa, pengo likaachwa kama lilivyo. Nilikasirika. Nilimwambia kwamba nimeshafundisha wakulima wa wilaya tatu, kwamba kuna watu wananiita mtaalamu mbele ya kipaza sauti.

"Wanakuita," akasema. "Mimi nakuhesabia."

Kesho yake, kwa hasira, nilikwenda shambani na jembe. Pawatila niliiacha nyumbani, haijui kufukia majani. Nililima ntumba zangu kuanzia asubuhi, mgongo ukilia, mikono ikapasuka, ikapona, ikapasuka tena. Nikapanda maharage. Nikayavuna Juni. Novemba nikazibomoa, na udongo uliotoka humo ulikuwa mweusi, unanuka kama uyoga. Nikapanda ulezi. Ulipochipua, wale wanawake wa mashineni walipita na hawakusema kitu, na kwetu hiyo ni hotuba.

Baada ya Krismasi Mwalimu alianguka. Ilikuwa kiharusi. Alirudi kutoka hospitali mkono wa kulia ukining'inia, na mdomo umepinda kidogo upande kama mtu anayezuia kicheko. Nilikwenda kumwona. Mama Mwalimu alinipokea mlangoni.

"Anaongea?" nikamuuliza.

"Anaongea. Ila majina yamemkimbia, mwanangu. Yote. Hata langu. Yamebaki ya kufanya tu."

Ilikuwa hivyo hivyo. Miwani iliitwa ya kuonea. Kigoda kilikuwa cha kukalia. Uji ulikuwa ule wa kunywa. Mtu aliyetuonyesha kwamba kitenzi kimoja kinaweza kujaza uwanja vifaranga, sasa vifaranga wote walikuwa wameingia porini akabaki na kuku mwenyewe. Aliniangalia, akatafuta jina langu, nikaliona linampita. Nami, nakiri, nilichokifikiria kwanza hakikuwa cha huruma. Nilifikiria msimu wangu wa tatu. Nimelima mwaka mzima ili mtu huyu aseme neno moja, na ndilo aina ya neno asiloweza tena kulisema.

Machi ya mwaka huu nilikuwa shambani nafukia majani ya ntumba mpya, ulezi wangu ukiwa umesimama ng'ambo ya mfereji, vichwa vinaanza kukunja ngumi. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha. Mtoto wa jirani akaja mbio: Mtendaji yuko kwa Mwalimu na daftari, na wanataka kumaliza. Sikupita nyumbani kuchukua koti. Nilikwenda na tope mpaka viwikoni.

Mwalimu alikuwa amekaa barazani, blanketi magotini. Mtendaji ameketi mbele yake, daftari juu ya stuli, kidau cha wino kando kwa wasioweza kuandika.

"Amekuja yule asiyetenda," Mwalimu akaniambia, akimwelekezea Mtendaji kidevu. Mama Mwalimu akaangua kicheko ndani.

"Mwalimu naye," Mtendaji akalalamika. "Haya, Diploma, tuelewane. Hali ya mzee unaiona. Hawezi kuthibitisha. Nikuandike mfanyabiashara, una duka, yaishe. Mzee ataweka dole gumba tu hapa."

Akausogeza mkono wa kushoto wa Mwalimu kwenye kidau cha wino. Mwalimu akauvuta. Mtu aliyefundisha kijiji kizima kuandika hakuwa tayari kutia dole gumba. Akanigeukia mimi. Nikamwamkia.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Akapumzika kidogo, kisha likatoka, zima, kama zamani: "Umefanya nini leo?"

"Nimelima, Mwalimu."

"Na..." Jina la msimu uliopita halikuja. Akaonyesha nyuma ya bega lake.

"Nililima."

Akaonyesha nyuma zaidi.

"Nako nililima."

Bado akaonyesha nyuma, mbali, kule kusikokuwa na misimu ya kuhesabu, na macho yake yalikuwa yamenikazia kama siku ile nimeshika jembe lenye mpini mweupe. Kwa hiyo nilimjibu kama siku ile.

"Niliiba mara moja, Mwalimu. Halafu nililima."

Mtendaji alikuwa ameacha kuchezea kalamu. Mwalimu akanishika kifundo cha mkono kwa mkono wake mzima, akaugeuza, akapapasa kiganja kwa kidole gumba. Alipita juu ya sugu moja moja, taratibu, kama mtu anayesoma bila miwani. Kisha akauvuta mkono wangu mpaka kwenye daftari, akautafuta mstari wangu, akakikandamiza kiganja juu ya pengo kwa nguvu ambayo sikudhani bado anayo.

Nilipouinua, kiganja changu kilikuwa pale, chote, cha tope jeusi la ntumba, kimefunika na mistari ya majirani wawili.

"Mwalimu!" Mtendaji akaruka. "Hilo ni daftari la serikali!"

"Soma," akasema Mwalimu.

"Nisome nini? Si tope hili!"

"Soma."

Mama Mwalimu alikuwa ametoka, amesimama mlangoni na mwiko. Mtendaji akamwangalia, akaniangalia mimi, akaliangalia daftari. Kisha, mtu mzima mwenye kitambi na muhuri mfukoni, akainuka, akaweka mikono nyuma, akasoma kwa ile sauti yake ya tarumbeta.

"Mkulima."

"Kaa," akasema Mwalimu.